UZI: Moduli ina FCC na CE juu yake, kwahiyo kifaa changu nacho kimepita? Tuongee vizuri wakuu

SoldaNaRisasi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mida hii. Nimeona niandike huu uzi maana hili swali linarudi kila mara kwenye magrupu ya wasapu ya mafundi na majibu mengine yanayotolewa kule yanatia huruma. Swali lenyewe liko hivi, mtu katengeneza kifaa chake, tuseme kile cha kupima maji kwenye simtanki na kuwasha pampu chenyewe, ndani kaweka ESP32 (moduli, yani kibodi kidogo kilichokamilika chenye redio ya WiFi na Bluetooth), juu ya kile kibati cha moduli pameandikwa FCC ID (namba ya kibali cha FCC, wasimamizi wa mawasiliano wa Marekani) na alama ya CE (ya kuingia soko la Ulaya), basi anajiona kamaliza kazi. Anaprinti stika, anaweka CE kwenye boksi lake, anaanza kutafuta wateja wa nje.

Hapana jamani. Kibali cha moduli kinasema kitu kimoja tu: hii moduli, ikiwa na antena hii, ikiwa na nguvu hii, ikikaa umbali huu na mwili wa mtu, ilipelekwa maabara ikapimwa ikapita. Hakijui boksi lako. Hakijui ile pawa saplai yako ya bei ya kutupa. Hakijui kama antena umeilaza juu ya betri. Dereva kuwa na leseni hakufanyi gari lake lipite ukaguzi, ndo ilivyo hapa.

Nianze na Marekani kwasababu wao ndo wana utaratibu ulionyooka zaidi kwa moduli, walianza kuukubali mwaka 2000 na 2007 wakauingiza kwenye kanuni zao rasmi, ni ile Sehemu ya 15, kifungu cha 15.212 kwa wanaopenda kusoma wenyewe. Moduli ili ipewe kibali kamili inatakiwa redio yake iwe imefunikwa na shilidi (kile kibati), data inayoingia ipite kwenye bafa (saketi ya kati) ili mtu asiisukume redio nje ya mipaka, iwe na reguleta yake ya umeme humohumo ndani, antena iwe ya kudumu au yenye konekta ya kipekee, ipimwe ikiwa peke yake nje ya kifaa chochote, na iwe na lebo yake. Ikikosa kimojawapo inaweza kupewa kibali chenye masharti, yani itumike kwenye kifaa fulani tu kilichotajwa. Ndo maana ukiona zile bodi za 2.4 GHz za nRF24L01 zenye antena ndefu na amplifaya, chipu iko uchi kabisa, bei kama ya soda mbili tatu, usitegemee kukuta kibali chochote nyuma yake. Za kujifunzia ni nzuri sana, nazitumia, ila za kuuza kwenye bidhaa ni habari nyingine.

Sasa kitu cha kwanza kufanya kabla hujachora hata bodi, chukua ile FCC ID uitafute kwenye databesi ya FCC, iko wazi kwa kila mtu na ni bure. Mfano ESP32-WROOM-32 ya kwanza ni 2AC7Z-ESPWROOM32, hiyo 2AC7Z ni utambulisho wa Espressif wenyewe (watengenezaji wa ESP32), herufi zinazofuata ni za moduli. Ukifungua utakuta cheti, ripoti ya vipimo, mwongozo wa kufunga, mpaka picha za ndani. Picha hizo linganisha na ulichoshika mkononi, maana kuprinti FCC ID juu ya kibati hakumshindi mtu yeyote mwenye mashine ya leza. Alafu kwenye cheti kuna sehemu ya maelezo chini, watu hawaisomagi, na humo ndo kuna uchawi wote: antena gani imeruhusiwa, umbali gani na mtu, na kama inaruhusiwa kufanya kazi pamoja na redio nyingine au la.

Ukishakuwa na moduli safi, kwa Marekani unachookoa ni gharama ya kupima redio upya kuanzia sifuri, na hiyo ni hela ndefu kweli. Ila bado una deni la vitu hivi.

Lebo. Nje ya boksi lako, kama lebo ya moduli haionekani kutokea nje, unaandika "Contains FCC ID: 2AC7Z-ESPWROOM32" (au ya moduli yako). Usiiandike kama vile ni FCC ID ya kifaa chako, ile ni ya Espressif, wewe unasema tu kwamba imo ndani.

Kifaa chenyewe ukitoa redio. Prosesa, kristali, konvata ya umeme, nyaya za kwenda kwenye sensa, vyote vinatoa mawimbi bila kukusudia na vina kikomo chake. Kwa vifaa vya nyumbani kipimo kinafanyika umbali wa mita 3, kuanzia 30 mpaka 88 MHz usizidi 40 dBµV/m (kipimo cha ukali wa mawimbi hewani), 88 mpaka 216 usizidi 43.5, 216 mpaka 960 usizidi 46, kuanzia hapo kwenda juu 54. Kwa uzoefu wangu hapo ndo bidhaa nyingi za mafundi wa mtaani zinakufa, redio inapita vizuri afu ile konvata ndogo ya kushusha volti 12 kwenda 5 ndo inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Sehemu hii unaweza kutoa tamko mwenyewe baada ya kupima, hamna haja ya cheti, LAKINI wanataka mhusika mwenye anwani ndani ya Marekani awepo kwenye tamko. Wewe uko Mwanza huwezi kuwa mhusika, inabidi awe muagizaji au ndugu au kampuni ya kule iliyokubali kubeba huo mzigo.

Na tatu, kupima kidogo moduli ikiwa ndani ya boksi lako kuhakikisha haijabadilika tabia. Hapa wengi wanaruka. Mwongozo wa FCC kuhusu kufunga moduli unasema wazi kwamba mwenye kifaa cha mwisho ndiye anayejibu kwa kifaa kizima, redio ikiwemo.

Antena nitaiongelea kwenye comment maana ni hadithi ndefu. Karibuni.

---

KariakooOnline

Mkuu umeandika vizuri ila tuwe wakweli, nani anakuja kukagua? Ukitembea Kariakoo yote kuna gps treka, kamera, king'amuzi, makorokoro ya kila aina yanatoka kontena moja kwa moja hayana hata jina, na yanauzika. Mimi nikitengeneza changu kwa mkono wangu ndo nianze kulipia maabara? Tutaua ubunifu wa vijana kwa makaratasi

---

SoldaNaRisasi

@KariakooOnline bosi wangu nakuelewa na sina ugomvi na hoja yako, ukitengeneza viwili vitatu vya jirani zako hamna atakayekutafuta. Tatizo linaanza ukikua. Ukiomba tenda ya mamlaka ya maji au taasisi yoyote ya serikali wanauliza cheti cha TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), ukitaka kuingiza mzigo wa moduli kwa jina la kampuni forodha wanauliza, ukipata mfadhili au NGO ndo kabisaa, mtu wao wa manunuzi ana orodha na kibali cha mawasiliano kiko humo. Hapo ndo unakuta jamaa ana kifaa kizuri kinafanya kazi miaka miwili, anaambiwa leta karatasi, hana.

Na kisheria haipo kwamba kifaa cha kutengenezwa nyumbani kimesamehewa ukiamua kukiuza. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndo inampa TCRA nguvu hiyo, kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa aina yake kabla ya kuingia sokoni, kiwe cha Guangzhou au cha Nyakato.

Afu kwa vifaa vya laini ya simu mbona tulishaona. Juni 2016 simu feki zilizimwa zote kwa mkupuo, si mnakumbuka? Ule mfumo unasoma IMEI (namba ya utambulisho ya kila kifaa cha laini), hauulizi kama ni simu au ni moduli ya GSM iliyofungwa kwenye pampu. Ukinunua moduli za GSM kwa wingi itoe IMEI kwa amri ya AT+GSN uilinganishe na iliyoandikwa juu ya kibati, kisha itume kwa sms kwenda 15090 (namba ya kuhakiki IMEI) uone inarudi na jina gani. Ikirudi na jina la simu ya kupapasa ya kampuni fulani wakati wewe umeshika moduli, rudisha mzigo.

---

Njoro_Hertz

Niaje wasee, salamu kutoka Nakuru. Hii maneno ya moduli imenigusa. Mimi niko na sensa za kupima unyevu wa udongo, za LoRa (redio ya kutuma data kidogo mbali bila kula betri), nimeagiza moduli za 915 MHz kutoka dukani la Amerika juu zilikuwa zimeshuka bei na ziko na FCC kamili, ripoti iko, kila kitu iko. Nikienda kwa CA (wale wa kusimamia mawasiliano Kenya) hapa Nairobi na hiyo ripoti ya FCC si watanipea tu type approval? Ama kuna shida?

---

SoldaNaRisasi

@Njoro_Hertz kaka simama hapohapo usiende kokote na hizo 915.

Dunia ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) imeigawa maeneo matatu kwenye masafa. Sisi Afrika tuko eneo la 1 pamoja na Ulaya, Amerika zote ziko eneo la 2, Asia na Pasifiki eneo la 3. Bendi ya 902 mpaka 928 MHz ya vifaa huria ni ya kwao eneo la 2. Huku kwetu hapo kati kuna mwenyewe. LoRaWAN (mtandao wa LoRa) ya Marekani inarusha kutoka kwenye sensa kuanzia 902.3 mpaka 914.9 MHz. Sasa GSM ya 900 simu inarusha kwenda mnarani kwenye 890 mpaka 915. Umeona? Sensa yako ya shambani inaongea juu ya masikio ya mnara, na mnara ndo una masikio makali kuliko kitu chochote maana unasikiliza kisimu kidogo kilichoko kilomita nyingi. Wewe utaona tu sensa inafanya kazi fresh, atakayeumia ni mtu anayepiga simu kijiji cha pili, mpaka siku mafundi wa mtandao waje na antena ya kutafutia wakukute.

Ya kwetu ni 868, na nyingine 433. Kwahiyo ripoti yako ya FCC inaweza ikawa halali kabisa kwa kule, na kwa huku ikawa inathibitisha kwamba kifaa kinarusha mahali ambapo hakiruhusiwi, yani unajipelekea ushahidi mwenyewe.

---

Njoro_Hertz

Ai bana. Sasa hizi nifanyie nini, naeza badilisha frikwensi kwa software? Chip ni SX1276 na naskia inaenda kutoka 137 mpaka 1020

---

BongoMpakaStuttgart

Chipu inaenda ndiyo, moduli haiendi. Pale kati ya chipu na antena kuna saketi ya kulinganisha na filta zimepangwa kwa 915, na antena nayo. Ukiishusha 868 itarusha lakini nguvu inapungua na mawimbi ya ziada yanaweza kupanda, na hakuna ripoti yoyote inayokulinda maana ripoti yako ni ya 915. Kaka uza hizo kwa mtu wa Marekani ununue za 868 zenye ripoti ya Ulaya.

Samahani kuingilia, habari zenu kaka zangu na dada zangu. Mimi niko Ujerumani, nafanya kazi kwenye maabara ya vipimo vya redio, naomba nichangie upande wa Ulaya kwa sababu mwanzisha uzi kaongelea Marekani tu na watu wa nyumbani wengi wanatumia ripoti za Ulaya wanapoomba vibali huko, viwango vyetu Afrika Mashariki viko karibu zaidi na vya huku kwa ajili ya hayohayo masafa.

Jambo la kwanza ambalo wateja wetu wanashtuka kila siku: Ulaya HAKUNA kibali cha moduli. Hakuna kabisa. Sheria ya vifaa vya redio, ile 2014/53/EU, inamwangalia mtu mmoja, yule aliyeweka jina lake kwenye bidhaa ya mwisho. CE ya moduli pamoja na CE ya pawa saplai haikupi CE ya kifaa. Ripoti za moduli unaweza kuziweka kwenye faili lako la kiufundi na zinakuokolea vipimo vingine, lakini wewe ndiye unayesaini tamko, na faili hilo unalitunza miaka 10 tangu kifaa kiingie sokoni.

Kwa WiFi na Bluetooth ya 2.4 GHz viwango vinavyotumika ni EN 300 328 kwa upande wa redio, EN 301 489 sehemu ya 1 na ya 17 kwa kuingiliana na vifaa vingine, na usalama wa umeme kwa kawaida EN 62368-1, halafu kuna suala la mawimbi na mwili wa binadamu. Kwa 868 ni EN 300 220. Ukifuata viwango vilivyotambuliwa mwanzo mpaka mwisho unaweza kujitangazia mwenyewe bila kwenda kwa taasisi ya uhakiki. Ukiruka kiwango cha redio, hapo lazima umwone.

Sasa nguvu. Marekani kwenye 2.4 wanaruhusu mpaka wati 1 inayoingia kwenye antena ya 6 dBi (dBi ni kipimo cha jinsi antena inavyoelekeza mawimbi upande mmoja). Ulaya ni miliwati 100 tu, na si zinazoingia kwenye antena, ni zinazotoka hewani, yani dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu) ukishajumlisha antena. Fanyeni hesabu: ESP32 inarusha 19.5 dBm, mtu anachukua ile yenye konekta, anafunga antena ya 5 dBi aliyonunua mtandaoni, inakuwa 24.5 dBm, hizo ni kama miliwati 280. Karibu mara tatu ya kikomo. Na kwenye boksi kuna CE inang'aa.

---

mama_Antena

Dada wa Stuttgart asante sana hapo umenifungua. Swali la haraka, hiyo nguvu si unaishusha tu kwenye kodi ya programu? Ile esp_wifi_set_max_tx_power

---

BongoMpakaStuttgart

Ndiyo dada unashusha, na vizio vyake ni vya robo dBm, kwa hiyo ukitaka 14 dBm unaandika 56. Lakini hakikisha mteja hawezi kuipandisha tena, na hakikisha unapoleta programu mpya kwa mbali hiyo namba haipotei. Tulishaona kifaa cha mteja kimepita toleo la kwanza vizuri, toleo la pili kijana wa programu akasafisha kodi akafuta mstari huo kwa sababu hakuelewa kazi yake. Nchi nayo ipangwe, Marekani chaneli zinazotumika ni 1 mpaka 11, Ulaya mpaka 13.

Na kingine kipya ambacho kitawagusa wote mnaotengeneza vya intaneti: tangu tarehe 1 Agosti 2025 usalama wa mtandao umekuwa sehemu ya CE kwa vifaa vya redio vinavyounganishwa na intaneti, kiwango chake ni EN 18031. Kile kifaa kinachofungua WiFi yake ya kusetia chenye nywila 12345678 ya wote hakipiti. Na ukimpa mtumiaji uhuru wa kuruka kuweka nywila, huwezi tena kujitangazia mwenyewe kwa kiwango hicho, unarudi kwa taasisi ya uhakiki. Pia lazima uwe na mtu mwenye anwani ndani ya Umoja wa Ulaya, kama alivyosema kaka kuhusu Marekani.

---

SoldaNaRisasi

Dada ubarikiwe, hiyo ya nywila nitaiscreenshot niitume kwenye grupu.

Sasa antena kama nilivyoahidi. Kwa FCC moduli imeidhinishwa na antena za aina fulani na nguvu fulani, ziko kwenye ripoti. Ukitumia nyingine ya aina ileile yenye dBi sawa au pungufu uko salama. Ukibadilisha aina, kwa mfano ilikuwa ya fimbo wewe ukaweka bapa, au dBi ikazidi, kibali hakikuhusu tena mpaka kifanyiwe mabadiliko, na anayeweza kufungua mabadiliko ni mwenye kibali, yani mwenye moduli. Kama hataki inabidi uanzishe FCC ID yako mwenyewe kwa ridhaa yake. Kwa fundi mdogo hiyo maana yake ni moja, tumia antena iliyoko kwenye orodha.

Kuna wale wanaochora antena wenyewe kwenye bodi kufuata mchoro wa mtengenezaji wa moduli. Hapo ukicopy unacopy kama ilivyo, upana wa njia, unene wa bodi, matabaka, kila kitu. Ukiisogeza milimita mbili kwa sababu skrubu ilikuwa inakusumbua, ushatengeneza antena mpya.

Mnajua kwanini ruta nyingi za WiFi zina konekta ya SMA iliyogeuzwa, pini iko upande usio wake? Ni kanuni hiyohiyo, 15.203, walitaka mnunuzi asiweze kufunga antena yoyote ya kawaida aliyookota, wakaweka konekta isiyo ya kawaida. Leo hizo zilizogeuzwa zinauzwa kila kona kwahiyo lengo limeshakufa lakini mila imebaki, nachekaga sana nikiiona.

Na hata kama antena ni ya kwenye moduli yenyewe, Espressif wanataka iachiwe nafasi wazi kama milimita 15 pande zote, bila shaba chini yake, bila betri, bila boksi la chuma. Ikiwezekana itokeze nje ya ukingo wa bodi. Sio kwa ajili ya rengi (umbali mawimbi yanapofika) tu. Antena ikibanwa, mawimbi yanarudi kwenye amplifaya na hapo ndo unaanza kuona vitu vya ajabu kwenye hamoniki (mawimbi ya ziada kwenye mara mbili, mara tatu ya masafa yako).

---

FundiRedio_Tanga

Hapo kwenye hamoniki ongeza nyama kidogo mzee maana watu wanadhani wakipima 2.4 imetosha. Mara mbili ya 2.4 ni 4.8 na kitu, na FCC kuanzia 4.5 mpaka 5.15 GHz ni bendi iliyokatazwa, kikomo ni 54 dBµV/m wastani pale mita 3, kidogo mno. Pia mara tu baada ya mwisho wa bendi, 2483.5 mpaka 2500, nayo imekatazwa. Chaneli ya mwisho ikiwa na nguvu kamili mkia wake unaingia humo, ndo maana moduli nyingi ukisoma ripoti zao utakuta chaneli za pembeni nguvu imepunguzwa kuliko za katikati. Hiyo siyo bahati mbaya.

Kwa asiyekuwa na maabara, tinySA Ultra (kipimo kidogo cha kuonyesha mawimbi kwenye skrini) inafika mpaka 6 GHz, kwa hiyo unaweza kuona hamoniki ya pili ukiwa mezani. Haitakupa namba ya kuandika kwenye ripoti, ila ukiweka kifaa chako na bodi ya mtengenezaji mahali pamoja, antena ya kupimia ileile, afu ukalinganisha, unajua kama umeharibu kitu kabla ya kulipia maabara. Tumia ile programu ya majaribio inayorusha mfululizo, Espressif wanaitoa, usipime na WiFi ya kawaida inayorusha kwa kushtukashtuka utachanganyikiwa.

---

Simtanki_Smart

Wakuu mimi kifaa changu kina WiFi na moduli ya 4G kwa pamoja, WiFi ikikosa inahamia kwenye laini. Zote mbili zina vibali. Hapo nimeshamaliza si ndio?

---

SoldaNaRisasi

@Simtanki_Smart zikirusha kwa zamu kabisa, moja ikizimwa ndo nyingine inawaka, una nafuu. Zikirusha kwa wakati mmoja ndo ngoma inaanza. Vile vibali viwili kila moja ilipimwa ikiwa peke yake, na vingi kwenye maelezo ya cheti vimeandika kwamba antena isikae pamoja na redio nyingine bila tathmini. Unatakiwa ukae chini upige hesabu ya mawimbi kwa mwili wa mtu kwa zote mbili zikijumlishwa, na upime kama zikichanganyika ndani ya boksi hazizai mawimbi mapya kwenye masafa mengine.

Umbali nao angalia. Vibali vingi vya moduli vimetolewa kwa sharti la sentimita 20 kutoka kwa mtu. Kifaa cha kwenye tanki juu ya paa hamna neno. Ila kuna kijana aliniuliza kuhusu saa ya mkononi ya wazee yenye moduli hiyohiyo, pale mkono uko milimita chache, lile sharti limeshavunjika na kibali hakikulindi, unaangalia kama nguvu yako iko chini ya kiwango cha msamaha au unaenda kupima kiasi cha mawimbi kinachoingia mwilini.

---

KariakooOnline

Sasa mkuu ukisikiliza hivi mbona moduli yenye kibali haina faida, bora nisolde chipu mwenyewe bei nusu

---

FundiRedio_Tanga

@KariakooOnline ukisolda chipu mwenyewe wewe ndo umekuwa mtengenezaji wa redio mdogo wangu. Kipimo kamili cha redio, cheti chako mwenyewe, na ukihamisha kapasita moja kwenye njia ya antena unaanza kujiuliza kama cheti bado kipo. Wanaouza vifaa laki kwa mwaka hiyo inawalipa. Kwa mtu wa vifaa mia tano nusu bei ya chipu ni shilingi ngapi, na maabara ni shilingi ngapi? Kaa na moduli.

---

mama_Antena

Na hivi kuna kibali kimoja cha Afrika Mashariki nzima? Sisi wateja wetu wako Kigali na Kampala pia

---

SoldaNaRisasi

@mama_Antena hakuna dada yangu. Tanzania ni TCRA, Kenya CA, Uganda UCC, Rwanda RURA, Burundi ARCT, ukivuka kwenda Kongo ni ARPTC, kila mmoja ana fomu zake na ada zake. Kwa Zanzibar upande wa mawasiliano ni TCRA hiyohiyo maana ni jambo la muungano, ila viwango vya bidhaa kuna ZBS wao, kama bara ilivyo TBS. Kinachokuokoa ni kwamba wote wanapokea ripoti za vipimo, kwahiyo ukipima mara moja kwa viwango vya Ulaya kwenye maabara yenye ithibati, ripoti ileile unaizungusha. Andaa faili moja: ripoti, tamko lako la kufuata viwango, maelezo ya kiufundi yenye masafa na nguvu, picha za nje na ndani, mwongozo wa mtumiaji. Jina la modeli liwe lilelile kwenye karatasi zote, herufi kwa herufi. Kuna ombi nalijua lilirudishwa kwasababu ripoti ilikuwa na kistari kwenye jina na stika haina.

---

Njoro_Hertz

Wakuu nimepata mtu wa kuchukua hizo 915, iko na dada yake Texas. Swali ya mwisho, kwa hizo za 868 kuna mtu ameniambia siwezi tuma data kila sekunde, ni ukweli?

---

BongoMpakaStuttgart

Kweli. Kwenye kipande cha 868.0 mpaka 868.6 unaruhusiwa miliwati 25 na asilimia 1 ya muda, yaani sekunde 36 za kurusha kwa kila saa. Na LoRa ukiiweka SF12 (mpangilio wake wa polepole kuliko yote) ujumbe mmoja mfupi unakula zaidi ya sekunde moja, kwa hiyo piga hesabu. Unyevu wa udongo haubadiliki kila sekunde, tuma kila nusu saa na betri itakushukuru.

---

Simtanki_Smart

Na mimi la mwisho. ESP32 ina Bluetooth ambayo situmii, nimeizima kwenye kodi. Bado niiongelee kwenye makaratasi?

---

FundiRedio_Tanga

Kama programu inayoenda kwa mteja haiwezi kuiwasha, iandike hivyo kwenye maelezo ya kiufundi, kwamba redio hiyo imezimwa na mtumiaji hana njia ya kuifungua. Usiweke neno Bluetooth wala ile alama yake popote kwenye boksi, maana hilo ni jambo jingine kabisa, jina ni la Bluetooth SIG na kulitumia kwenye bidhaa inabidi uwe mwanachama wao na uiorodheshe bidhaa yako kwao, hata kama moduli yako ilishaorodheshwa. Ukija kuiwasha toleo la mbele, faili linafunguliwa upya.